Vifaa vya mazoezi kwa mwanamke anayekoma hedhi: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kiachwe dukani

Vifaa vinavyouzwa kwa jina la mwanamke wa miaka 45 na kuendelea vimejaa kila mahali: dambeli za waridi za kilo moja, mikanda ya kutoa jasho, mizani inayodai kujua mafuta ya tumboni, fulana zilizojazwa uzito, chai za kuondoa kitambi. Hapa tunavipima kwa swali moja tu: kifaa hiki kinasaidia misuli na mifupa ibaki wakati homoni ya estrojeni inashuka? Vingi vinavyotangazwa kwa sauti kubwa vinaanguka kwenye swali hilo, kwa sababu vinahangaikia kilo peke yake.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo kupita bila damu kutoka, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla ya hapo homoni huwa zinapanda na kushuka bila mpangilio. Uzito unaoongezeka kipindi hicho husababishwa zaidi na umri, usingizi wa kukatikakatika na kupungua kwa misuli na mwendo. Homoni zenyewe huamua zaidi mafuta yakae wapi: yaliyozoea mapaja na makalio yanaanza kukusanyika tumboni, mengine ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Mifupa nayo hupoteza madini kwa kasi kubwa, hasa katika miaka michache inayoizunguka hedhi ya mwisho. Anayejinyima chakula tu bila kuinua kitu kizito atapungua kilo kweli, lakini sehemu ya kilo hizo itakuwa misuli, na mfupa pia utapungua. Ndiyo maana tunaanza na vyuma, wala si na mizani.

Dambeli: hapa ndipo pesa nyingi iende

Kama bajeti inatosha kifaa kimoja tu, chukua dambeli mbili zinazobadilishwa uzito. Sababu ni kwamba misuli hujengeka ikilazimishwa kufanya zaidi ya ilichozoea, na dambeli ina namba inayosomeka: wiki hii kilo 5, mwezi ujao kilo 6. Hakuna kubahatisha. Jozi ya kilo moja moja inayouzwa kama "ya wanawake" ni nyepesi kuliko mfuko wa kawaida wa sokoni. Ndani ya wiki chache mwili unakuwa umeizoea, na kuanzia hapo unapoteza muda hata ukirudia mara 50.

Aina ya kwanza ni ya kishikio cha chuma chenye nyuzi za skrubu kila upande, sahani zinazovalishwa, na nati mbili za kukaza. Ndiyo tunayoipa alama za juu kabisa kwa anayeanza. Haina kinachoharibika kirahisi, na sahani zinaweza kununuliwa kidogo kidogo. Ina kasoro mbili. Kubadilisha uzito huchukua dakika moja au mbili, na nati hulegea katikati ya zoezi. Chagua nati zenye pete ya mpira kwa ndani, na zikaze upya kila baada ya seti mbili (seti ni mfululizo mmoja wa kuinua bila kupumzika). Nati ikikufungukia ukiwa umeinua mikono juu ya kichwa, sahani inakuangukia. Jambo jingine wengi hulisahau: kishikio kitupu pamoja na nati zake hufika karibu kilo 1.5 hadi 2. Ukivalisha sahani mbili za kilo 1.25 hauinui kilo 2.5, unainua kilo 4 au zaidi. Pima kishikio kwanza, uandike.

Kabla ya kulipia, uliza kama kuna sahani ndogo za nusu kilo. Hili ni muhimu kuliko rangi, chapa, au jumla ya kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Anayesukuma kilo 3 juu ya kichwa akilazimika kurukia kilo 5 anaongeza theluthi mbili ya mzigo kwa mkupuo. Bega halikubali. Maumivu na kukakamaa kwa bega huwapata zaidi wanawake wa kati ya miaka 40 na 60, na ongezeko la ghafla ni mwaliko wa matatizo. Ukiwa na sahani za nusu kilo, unavalisha moja kila upande wa kishikio na mzigo unapanda kilo moja tu.

Aina ya pili ina kitufe cha kuzungusha, na kishikio hukaa kwenye trei. Unazungusha hadi namba unayotaka, unainua, na sahani zisizohitajika zinabaki kwenye trei. Ni nzuri kwa mwenye nafasi ndogo na haraka nyingi. Ila ni ndefu, hugonga mapaja wakati wa kuchuchumaa, na haitakiwi kuangushwa hata mara moja, maana meno ya ndani ni ya plastiki katika modeli nyingi. Angalia hatua za kuongeza uzito. Zikiwa za kilo 2 au zaidi, mikono na mabega yatakwama mapema ingawa miguu itafurahi. Kabla ya kila seti iinue sentimita chache tu juu ya trei uitikise kidogo, uhakikishe hakuna sahani iliyoshikwa nusu.

Za chuma zisizobadilishwa uzito, zenye vichwa vya pembe sita, haziviringiki sakafuni na zinadumu miaka na miaka, lakini utahitaji jozi tatu au nne. Za plastiki zilizojazwa saruji au mchanga tunaziweka mwisho. Ni nene mno kwa uzito wake, na zikigongana hupasuka na kumwaga unga.

Usisahau unene wa kishikio. Viungo vya vidole huuma na kukakamaa kwa wanawake wengi wakati huu, na kishikio kinene huchosha mkono kabla ya misuli unayotaka kuifanyisha kazi. Kipenyo cha milimita 25 hadi 28 kinakaa vizuri kwenye viganja vidogo. Kikiwa laini kabisa kitateleza mara jasho la joto la ghafla linaloletwa na mabadiliko ya homoni likianza, kwa hiyo tafuta chenye michoro ya kukwaruza kidogo.

Matumizi yake ni mepesi kueleza. Siku mbili kwa wiki zisizofuatana, mienendo mitano: kuchuchumaa ukiwa umeshika dambeli moja kifuani, kuinama kutoka nyongani mgongo ukiwa umenyooka na kuinua dambeli mbili kutoka karibu na sakafu, kuvuta dambeli kuelekea mbavuni ukiwa umeegemea kiti kwa mkono mmoja, kusukuma juu ya kichwa, na kusukuma kutoka kifuani ukiwa umelala chali, au pushapu ukiegemea meza imara. Kila mwendo seti 2 au 3, kila seti mara 8 hadi 12. Pumzika dakika moja kwa mikono, mbili kwa miguu. Uzito sahihi ni ule unaokuacha na nguvu ya kurudia mara mbili tu zaidi. Ukimaliza seti ukihisi ungeweza kuendelea mara kumi, chuma ni chepesi. Ukifikisha 12 katika seti zote kwa vipindi viwili mfululizo, ongeza hatua moja ndogo urudi kwenye 8.

Mahali pa kuanzia kwa mtu asiye na maradhi na asiyezoea: kilo 2 hadi 4 kila mkono kusukuma juu, 4 hadi 6 kuvuta, 6 hadi 10 kuchuchumaa, na 6 hadi 10 kila mkono kuinua kutoka chini. Ndani ya mwaka, miguu na nyonga vitadai zaidi ya hapo. Jozi inayoishia kilo 5 kila dambeli itakuwa ndogo kabla hujamaliza kuilipia, kwa hiyo nunua inayoweza kufika angalau kilo 10 kila dambeli, na 15 ikiwezekana.

Makosa yanayoharibu kazi yanajulikana. Kubana pumzi wakati wa kuinua hupandisha shinikizo la damu na kusukuma chini sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu na kizazi. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Magoti kuingia ndani wakati wa kuchuchumaa ni dalili kwamba makalio yamechoka au chuma ni kizito. Kuinua kutoka chini mgongo ukiwa umepinda kama upinde ndilo kosa la hatari zaidi kwa mwenye mifupa iliyodhoofika, kwa sababu pingili za mgongo hubonyea upande wa mbele. Kama hujui kuinama kutoka nyongani, lipia vipindi viwili au vitatu na mwalimu anayejua kazi yake kabla ya kuongeza kilo. Tunasema hivi kwa uzito wote.

Kwamba vyuma vizito vinafika mpaka kwenye mfupa si maneno ya wauzaji. Jaribio la LIFTMOR la Australia, lililochapishwa 2018, liliwafuatilia wanawake waliokwisha koma hedhi wenye mifupa iliyopungua madini. Kundi moja liliinua vyuma vizito chini ya usimamizi mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila kipindi, kwa miezi 8. Madini kwenye mgongo wa chini yaliongezeka takriban asilimia 2.9, wakati kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani lilipoteza takriban asilimia 1.2. Neno la kushika hapo ni usimamizi. Mzigo ulikuwa mkubwa, seti tano za mara tano, na hakuna aliyeachwa peke yake na chuma.

Mikanda ya mpira: nafasi ya pili, kwa masharti

Mikanda ya kuvuta inabebeka, haigongi sakafu, na inafaa sana kwa mgongo wa juu, mabega na makalio. Kwa anayesafiri au anayetoka kwenye majeraha, ni chaguo la kwanza. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mkanda hauna kilo moja maalumu. Unavyouvuta ndivyo unavyokaza, kwa hiyo sentimita kumi za mahali unapokanyaga zinabadilisha mzigo wote. Rangi nazo si lugha moja: nyekundu ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa ngumu kuliko bluu ya mwingine. Kwa mfano, mikanda bapa ya chapa ya TheraBand ikivutwa hadi urefu mara mbili hutoa takriban kilo 1.3 kwa njano, 1.7 kwa nyekundu, 2.1 kwa kijani, 2.6 kwa bluu na 3.3 kwa nyeusi. Tazama jinsi namba hizo zilivyo ndogo. Kwa bega linalopona zinatosha. Kwa miguu inayobeba mwili mzima kila siku, hata nyeusi ni kichekesho.

Hivyo kwa miguu na mgongo nunua mikanda mirefu ya duara, yenye mpira mnene. Kwa makalio, ile mifupi ya kitambaa inayovaliwa juu ya magoti ni bora kuliko ya mpira mtupu, kwa sababu haijikunji na kubana ngozi. Yenye mipini na kamba ya mlangoni ni nzuri kwa kuvuta kuelekea kifuani, ila mlango ndio unaoamua usalama. Simama upande ambao kuvuta kwako kunazidi kuufunga mlango, pachika kamba upande wa bawaba, kisha funga kitasa. Ukivuta ukiwa upande mwingine, siku kitasa kikilegea mlango unakujia usoni.

Mpira haudumu. Jua, joto, jasho na mafuta ya kupaka huukausha, na hupasuka kuanzia kwenye kovu dogo lisiloonekana. Kila kabla ya kuutumia unyooshe mbele ya mwanga utafute vidoa vyeupe, michubuko, na kingo zilizochanika. Ukiona kimoja, utupe. Usifunge fundo kuurefusha au kuufupisha, usiuvute zaidi ya mara tatu ya urefu wake, na usiuvute ukielekea macho. Uoshe kwa maji matupu, uanike kivulini, uupake poda kidogo usigandane. Mwenye mzio wa latex (mpira wa asili) atafute iliyoandikwa kuwa haina, maana upele wa viganjani unaodhaniwa ni wa jasho mara nyingine ni wa mpira.

Kwa mfupa wa nyonga na mgongo, mikanda haishindani na vyuma. Itumie pamoja navyo.

Mizani ya mafuta na futi ya fundi cherehani

Mizani za kioo zenye vipande vya chuma vya kukanyagia hupitisha mkondo mdogo wa umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hupima jinsi mwili unavyouzuia, halafu hukisia mafuta na misuli kwa fomula inayotumia umri, urefu na jinsia uliyoingiza. Inachopima kwa kweli ni maji. Umekunywa kidogo, umetoka jasho usiku kucha kwa joto la ghafla, umekula chumvi nyingi jana: asilimia ya mafuta itabadilika ingawa mafuta hayajagusika. Tena mkondo wa mguu hadi mguu hupita zaidi miguuni na chini ya kiwiliwili, ilhali mafuta yanayotusumbua yako tumboni. Vipengele kama "umri wa mwili" na "mafuta ya ndani" ni hesabu iliyojengwa juu ya makisio.

Kuna jaribio rahisi la kuona hilo. Nyingi zina kipengele cha mwanamichezo. Jipime, kisha kiwashe kipengele hicho, jipime tena papo hapo. Mafuta "yanashuka" kwa pointi kadhaa bila wewe kufanya lolote.

Kwa kilo, hata hivyo, nyingi ni sahihi vya kutosha, na kwa mwelekeo wa miezi zinasaidia. Unapochagua, panda mara tatu mfululizo: tofauti isizidi gramu 200. Kisha panda ukiwa umeshika chombo chenye lita 5 za maji, ambazo ni kilo 5 ukitoa uzito wa chombo. Namba ikipanda kilo 4 au 6, iache. Iweke sakafu ngumu, si juu ya zulia. Panda asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya kula, miguu mitupu iliyokauka, na utumie wastani wa siku saba. Kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya wiki ni maji, chumvi na choo, na katika miaka ya homoni kuyumba huwa zaidi. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asitumie mizani ya umeme kabisa, atumie ya kawaida.

Chombo kinachotupa habari bora kuhusu kitambi ni futi ya kupimia, ile ile ya fundi cherehani. Chukua ya nyuzi za kioo isiyovutika. Za kitambaa huongezeka urefu zikizeeka, na utadhani unapungua. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka futi katikati ya hapo, iwe sambamba na sakafu mbele na nyuma, toa pumzi kawaida bila kunyonya tumbo, soma. Rudia mara mbili, chukua wastani. Fanya hivyo asubuhi, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kupima kila siku kutakupa habari za gesi tu. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani hutaja zaidi ya sentimita 80 kuwa mwanzo wa hatari kuongezeka, na zaidi ya 88 hatari kubwa. Kipimo kingine kinachokubalika ni kiuno kisifikie nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 162 alenge chini ya 81.

Anayeinua vyuma anaweza kukaa miezi mitatu bila kilo kupungua huku kiuno kikipungua sentimita nne. Mwenye mizani peke yake atakata tamaa mwezi wa pili. Wanawake wengi wameacha mazoezi yaliyokuwa yakifanya kazi kwa sababu hiyo, na inatuuma.

Saa za mkononi za mazoezi

Kwa hatua ziko vizuri, kwa mapigo ya moyo ukitembea ziko vizuri, kwa kalori ziko vibaya. Utafiti wa chuo kikuu cha Stanford wa 2017 ulijaribu saa saba: ile iliyokisia vizuri zaidi nguvu iliyotumika ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na mbaya kuliko zote kwa asilimia 93. Saa ikikwambia umeunguza kalori 400, usizile. Wakati wa kuinua vyuma mapigo nayo hupotea, kwani kukaza kiganja kunavuruga kihisio cha mkononi. Wanaotumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo wasifuate kanda za rangi za mapigo kwenye kioo cha saa. Kipimo chao kiwe mazungumzo: mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Lengo la hatua 10,000 linalokuja limewekwa tayari halikutoka maabara. Lilianzia Japani 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua. Utafiti uliochapishwa 2019 kwa wanawake wenye wastani wa miaka 72 uliona vifo vikipungua kuanzia hatua 4,400 kwa siku ukilinganisha na 2,700, na faida ikatulia karibu 7,500. Badilisha lengo kwenye mipangilio, ongeza hatua 1,000 juu ya wastani wako wa sasa, kaa hapo wiki mbili, panda tena. Kwa jumla ya wiki, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Saa nyingi huhesabu la kwanza na kusahau la pili. Kihesabu hatua cha kubana kiunoni kinatosha kabisa kwa asiyetaka arifa.

Vingine, kwa ufupi

Baiskeli ya mazoezi isiyosogea ni nzuri kwa moyo na magoti yanayouma, lakini mwili ukiwa umekaa mfupa haubebi mzigo wa kutosha. Kuogelea vivyo hivyo. Kibao cha kupandia cha sentimita 10 hadi 20 hakipewi sifa kinazostahili: kinaimarisha miguu na uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba, na kikiwa na miguu ya mpira isiyoteleza kinadumu. Anayevujwa na mkojo akiruka au akikohoa aanze na kubana misuli ya sakafu ya nyonga, mara 8 hadi 12, awamu tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu, ndipo aongeze kuruka. Kwa kawaida kuvuja huko hupungua, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuhakikisha unabana misuli inayotakiwa.

Unga wa protini si wa lazima. Watu wazima wanaozeeka hushauriwa gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji 70 hadi 84, zikigawanywa katika milo yote. Mayai, samaki, nyama, maziwa na jamii ya kunde vikifikisha hapo, kopo halina kazi. Ukilinunua, soma gramu za protini kwa kijiko, si gramu za kijiko. Likitoa chini ya 20 kwa kijiko cha gramu 30, sehemu kubwa iliyobaki ni vijazio na sukari. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari.

Fulana ya uzito inauzwa sana kama kinga ya mifupa. Utafiti uliochapishwa 2025 katika jarida la tiba la JAMA Network Open, kwa wazee waliokuwa wakipunguza uzito, haukuona fulana ikizuia upotevu wa mfupa wa nyonga. Kwa kufanya matembezi yawe magumu inafaa, mradi usianze na zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako na isikuvute mabega mbele. Kwa mfupa, rudi kwenye dambeli.

Mikanda ya jasho na koseti za kubana kiuno usinunue. Kinachotoka ni maji, yanarudi na glasi ya kwanza, na joto la ziada ni mateso kwa mtu ambaye tayari anaamka usiku shuka imelowa. Chai za kitambi nyingi zina senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inatoa maji na potasiamu, haigusi mafuta. Tungependa ziondolewe kabisa.

Yeyote aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, aliyepungua urefu, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa apimwe kabla ya kununua vyuma. Akishaambiwa mifupa imedhoofika, aache pia kukunja tumbo kwa kuinuka kutoka kulala na kusokota kiuno akiwa na mzigo. Uzito unaopanda kwa kasi pamoja na baridi isiyoisha, choo kigumu na uchovu mzito unahitaji kipimo cha tezi ya shingo, si kifaa kipya. Na damu yoyote inayotoka baada ya mwaka bila hedhi, hata tone, ipelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo, na mazoezi yasubiri majibu yake.